Siku Nilipomfufua Nyambura

Nyinyi vijana mnaotafsiri picha kwenye vibanda vya video, mkizungumza kwa kasi ya mtu anayefukuzwa na nyuki, huwa ninawasikia. Nikipita sokoni Nyeri husimama nje ya kibanda na kujifanya ninafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe siku hizi havina kamba. Mna ulimi, siwezi kukataa. Lakini kuna jambo mnalolifanya kila siku bila kulifikiria. Mimi nimefikiria kila kitu maishani mwangu hadi kikachakaa, kwa hivyo naomba mnisikilize kidogo. Mnawapa watu wa kwenye picha majina ya watu wa hapa kwetu.

Sisi ndio tulioianza tabia hiyo. Au labda hatukuianza, labda tuliikuta. Nimekaa asubuhi nzima nikijaribu kukumbuka nani alikuwa wa kwanza, na chai imepoa.

Kazi yangu iliitwa usemaji wa picha. Kampuni yetu ilikuwa na gari moja, projekta moja, jenereta iliyokohoa kuliko babu, na kitambaa cheupe kilichokuwa na kiraka pale pembeni. Tulizunguka Karatina, Kagio, Othaya, Nanyuki na vijiji vya katikati. Picha zilikuja kwa lugha za mbali. Mimi nilisimama kando ya kitambaa nikiwa na kipaza sauti, nikiwaambia watu yule anasema nini na kwa nini analia. Tulionyesha mchana, kuanzia saa nane, katika maghala ya kahawa na kumbi za makanisa. Tuliziba madirisha kwa magunia hadi pakawa giza la kutosha. Saa kumi na moja ilikuwa lazima tumalize, maana akina mama walitakiwa nyumbani kukamua.

"Ng'ombe hajui mapenzi ya Wazungu," alisema Gathogo.

Gathogo alikuwa dereva wetu, fundi wa projekta na mwalimu wangu. Alikuwa hajamaliza darasa la nne. Mimi nilikuwa na digrii, na hilo hakulisahau hata siku moja. Hakuniita jina langu. Aliniita Digrii.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka huohuo, nikingoja barua ya kupangiwa kazi ya ualimu. Barua ilichelewa. Niliandika kuuliza kama walipata maombi yangu, kisha nikaandika kuuliza kama walipata lile swali langu, kisha nikaandika ya tatu kuomba radhi kwa zile mbili. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu. Nikaingia kazi ya picha kwa wiki mbili tu, nikingoja. Barua ilifika baada ya miezi saba. Nikaifikiria sana. Nilipomaliza kuifikiria, nafasi ilikuwa imechukuliwa na mwingine, na mimi nikakaa kwenye gari la picha miaka kumi na tisa.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Kagio, siku ya soko. Ukumbi ulijaa wauzaji nyanya na wauzaji mchele. Picha ilikuwa ya majambazi. Nikaanza kuwaeleza kwamba yule jambazi, tukimtazama kwa makini, ni mtu aliyekosewa na jamii yake, na kwamba pengine mtengenezaji wa picha alitaka tujiulize maana ya haki. Jambazi alikuwa tayari amepiga watu wanne risasi na mimi bado niko kwenye haki. Mama mmoja aliyekalia kreti ya nyanya akapaza sauti.

"Kijana! Huyo ni mwizi ama ni mtu mzuri? Sema hiyo tu!"

"Inategemea, mama..."

"Ati inategemea! Mtoe huyo!"

Nilipigwa na nyanya. Si mbovu, na hilo liliniuma zaidi, maana mtu aliona heri apoteze nyanya nzima kuliko kunisikiliza.

Njiani kurudi, Gathogo alinipa masomo ambayo chuo hakikunipa, na nyinyi nawapa bure. Zungumza wakati mdomo wa mtu kwenye picha umefungwa. Ukiongea naye pamoja, mnakuwa walevi wawili. Usiseme jambo kabla picha haijalionyesha, hata kama umeshaiona mara kumi. Kunywa maji ya moto kabla ya kazi, usinywe maziwa, maziwa yanafunga koo. Mtazame bibi mzee zaidi aliye mbele. Akianza kutafuta kitambaa chake cha kichwa, umemchosha.

"Na watu wapewe majina," alisema. "Usiwaletee majina ya kwenye karatasi. Uliza watu wenyewe. 'Huyu tumwite nani?' Wakishampa jina, ni wao. Watamlilia kama mtoto wao."

Huo ulikuwa ufundi, na ulifanya kazi. Kila mahali tulipofika, watu walibishana, wakacheka, wakampa jambazi jina la karani wa chifu na askari wakampa jina la mlevi wa kijiji. Ukumbi ukawa wao.

Kisha ikaja ile picha.

Ilifika katika makopo manne ya mkanda, bila karatasi ya maelezo. Mpaka leo sijui ilikuwa ya lugha gani. Nimesikia lugha nyingi tangu hapo, na kila mara hutega sikio. Gathogo alinionyesha mara mbili, mimi peke yangu kwenye benchi, kama ilivyokuwa desturi yetu kwa picha mpya. Mara ya kwanza sikuelewa. Mara ya pili nililia, na bado sikuelewa.

Ilihusu mtu aliyefua kengele za kanisa katika nchi ya baridi. Mke wake anakohoa. Mtu huyo anasikia kwamba juu mlimani, chini ya theluji, kuna maji ambayo anayeyanywa hafi. Anaanza kupanda. Katika kopo la tatu mke anakufa, mume akiwa bado njiani. Lakini katika kopo la nne mke yupo tena, kijana, anaanika nguo uani na kucheka, na mume ni mzee mwenye ndevu nyeupe anayemtazama tu, bila kumgusa. Kisha tunamwona mume akipanda tena. Anapanda, anapanda, na picha inakwisha hivyo.

"Amefufuka?" nikamuuliza Gathogo. "Ama ni kumbukumbu? Au mume ndiye aliyekunywa maji, sasa hawezi kufa, na ndiyo maana amebaki peke yake? Au ni ndoto ya mke kabla ya..."

"Digrii."

"Ndiyo?"

"Mwanamume anatafuta dawa ya bibi yake. Bibi anakufa. Mwanamume anaendelea kutafuta. Hiyo ni ngumu wapi?"

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Sikuwa nimempoteza mtu. Kopo lile la nne nililiona kama fumbo la mtihani. Leo nikae hapa Ruring'u jioni, nisikie kama vyombo vinagongana jikoni, niinuke, nifike mlangoni, halafu nikumbuke kwamba nina mwaka wa pili nikijipikia mwenyewe. Kopo la nne halina fumbo lolote. Ni vile nyumba inavyokuwa.

Lakini nilitaka kuwaeleza ya kijiji cha Wamagana.

Tulionyesha katika ghala la kahawa. Lilikuwa limejaa, na harufu ya maganda ya kahawa ilikuwa nzito hata ungeweza kuikata kwa panga. Yule mfua kengele alipotokea kwenye kitambaa, nikauliza, "Jameni, huyu mwanamume tumwite nani?"

"Macharia!" wakajibu vijana wa nyuma, na kila mtu akacheka, maana Macharia alikuwa mpima kahawa wao na alikuwa palepale mlangoni.

"Na bibi yake?"

Kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, mwanamume mmoja wa benchi la pili akasema, si kwa kelele, "Nyambura."

Hakuna aliyecheka. Niliona akina mama wakigeuka kumtazama. Nikaona lakini sikuuliza. Mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, siku hiyo sikuuliza. Nikasema, "Haya, Macharia na Nyambura," nikaendelea.

Projekta ilikuwa moja tu, kwa hivyo baada ya kila kopo kulikuwa na mapumziko Gathogo akibadilisha mkanda. Kopo la pili lilipokwisha, mama aliyekuwa akiuza njugu alinivuta mkono.

"Mwalimu, unajua hiyo jina ni ya nani?"

"Hapana, mama."

"Ni ya bibi ya Ndegwa. Huyo pale, wa koti. Bibi yake ako nyumbani, madaktari wamesema akae tu na watu wake. Ndegwa hajatoka kwa nyumba mwezi mzima. Leo tumemlazimisha aje, apumzishe roho kidogo." Akanitazama. "Hiyo Nyambura ya picha itapona, si ndio?"

Nilikimbia kwa Gathogo. Alikuwa ameinama, akipitisha mkanda kwenye magurudumu.

"Tuseme kopo la tatu limeharibika," nikamwambia. "Tuende moja kwa moja hadi la nne."

"Watu wamelipa makopo manne."

"Kuna mtu pale bibi yake anakufa, na mimi nitasimama pale niseme kwenye kipaza sauti kwamba Nyambura amekufa!"

Aliinuka, akapangusa mikono kwa kitambaa cha mafuta.

"Sema ile iko."

"Siwezi."

"Basi nyamaza. Wataona na macho yao. Lakini usiseme ile haiko, Digrii. Hiyo tu ndiyo sheria ya hii kazi. Zile zingine nilikuwa ninakudanganya."

Taa ikazimwa. Kopo la tatu likaanza. Mke alilala kitandani, mishumaa pande zote, na wanawake wa kule kwao wakaja wakamfunika uso kwa kitambaa. Nilimwona Ndegwa ameinuka nusu, mikono imeshika benchi la mbele.

Nikasema, "Amelala. Wamemfunika apate joto."

Gathogo, kule nyuma, alikohoa. Si jenereta, ni yeye.

Mkishaanza uongo kwenye kipaza sauti mtaona hauna breki. Mume alikuwa anapanda kwenye theluji. Nikasema amekaribia. Akainama, akachimba theluji kwa mikono, na picha haikuonyesha alichokipata. Mimi nikasema amepata maji. Kopo la nne likaanza, mke akatokea uani, anaanika nguo, na hapo sikuhitaji hata kusema. Wanawake walipiga vigelegele. Nikasema tu, "Mnaona? Nyambura amepona."

"Maji gani hayo, mwalimu?" kijana mmoja akauliza. "Yanatoka wapi?"

Ningesema ni kule ng'ambo. Lakini watu walikuwa wananipenda, na tangu Kagio nilikuwa nimetamani sana kupendwa. Nikasema, "Yanatoka wapi? Nyinyi mnaamka kila asubuhi mkitazama mlima Kirinyaga na theluji yake, halafu mnaniuliza maji yanatoka wapi?"

Walicheka na kupiga makofi hadi vumbi likaanguka kwenye paa. Na mume wa picha, ambaye kwa maneno yangu alikuwa ameshamaliza safari, alipoanza kupanda tena, nilisema anaenda kuwaletea majirani. Nikatazama benchi la pili. Ndegwa hakuwa anacheka. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayeelekezwa njia.

Siku ya tatu, Gathogo alikuja ofisini Nyeri, hakukaa.

"Ndegwa amepanda mlima."

"Ndegwa gani?" nikasema, ingawa nilijua.

"Amepanda basi mpaka Naro Moru, pale chini ya mlima. Amebeba thamosi na blanketi. Amemwambia jirani akamue ng'ombe. Amemwacha bibi na dada yake." Akatupa funguo za gari mezani. "Twende Wamagana."

Njia nzima nilifikiria. Nilifikiria baridi ya kule juu, nilifikiria kama atarudi, na nilifikiria jambo baya zaidi, kwamba atarudi na asimkute. Mwanamke yule alikuwa na siku chache. Mimi, kwa sababu ya makofi, nilikuwa nimemchukulia mume.

Nilimkuta Nyambura amelazwa karibu na dirisha, mwembamba, macho makubwa. Dada yake alituletea uji. Nilikuwa nimepanga hotuba ya kuomba msamaha, nimeipanga kwa sehemu tatu, na ikanipotea yote.

"Ni wewe ulinifufua?" akauliza.

"Ni mimi, mama. Nilidanganya."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, dada yake akamshika mgongo hadi kikatulia.

"Nilimwambia hiyo ni sinema. Akasema, 'Na kama ni kweli na sikuenda?' Sasa mtu kama huyo utamjibu nini? Miaka ishirini na tisa, nikisema sukuma wiki imeisha, anaenda sokoni kwa mvua." Akajifuta mdomo. "Hebu niambie hiyo picha. Ile iko."

Nikamwambia yote. Kengele, kikohozi, mlima, mishumaa, kitambaa usoni. Uani, nguo, mzee asiyeweza kumgusa. Alisikiliza macho yamefungwa.

"Kwa hivyo huyo mwanamke anakufa na bwana hayuko."

"Ndiyo, mama."

"Na huyo bwana, bibi akishakufa, anaenda tu kupanda mlima? Hana shamba? Nani anamwambia sasa kula?"

"Picha haisemi."

"Ni picha ya vijana," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Nataka arudi. Sitaki maji. Mwambieni arudi."

Gathogo hakungoja chai. Tuliendesha hadi Naro Moru, tukauliza kwa wapagazi wanaobeba mizigo ya wageni wa mlima. Walikuwa wamemwona. Wawili walikubali kupanda kumtafuta. Mimi nilitaka kwenda nao. Mmoja alitazama viatu vyangu vya ofisini na kusema, "Wewe kaa hapa, kijana. Tutabeba mmoja, sio wawili." Nikakaa kando ya barabara siku mbili, nikilala garini, nikitazama mlima unavyofungwa na mawingu saa nne asubuhi na kufunguka jioni. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kuona koti lile likishuka.

Aliteremka siku ya pili alasiri, katikati ya wale wawili, midomo imepasuka, vidole vimevimba. Thamosi ilikuwa imejaa. Hakunisemesha hadi tulipopita mjini Nyeri.

"Ako?"

"Ako," akasema Gathogo.

Nyambura alikunywa. Nilikuwa mlangoni, nilimwona. Alikunywa kikombe kizima, ingawa alikuwa hawezi hata uji, na mume wake amepiga magoti akimshikilia kichwa.

"Ni tamu," akamwambia. "Ni baridi lakini ni tamu. Sasa usiende tena mahali."

Hakwenda. Nyambura aliishi siku sita baada ya hapo. Najua mnachofikiria, kwamba siku sita si haba. Mimi nilifikiria zile tano ambazo Ndegwa alikuwa mlimani, na bado ninazifikiria. Nimezigawa kwa saa. Asubuhi ngapi, uji mara ngapi, mara ngapi mtu angeweza kumwambia mwenzake habari isiyo na maana.

Mwezi uliofuata picha ilitakiwa irudishwe Nairobi. Tuliionyesha mara ya mwisho katika ukumbi wa kanisa mjini Nyeri, Jumamosi. Nilikuwa ninaziba dirisha kwa gunia nilipomwona Ndegwa akiingia, amenyoa nywele kama wanavyonyoa waliofiwa, koti lilelile. Nilishuka kwenye ngazi nikamfuata.

"Mzee Ndegwa. Tunaweza kukurudishia tikiti. Si lazima..."

"Nimekuja kuiona," akasema. "Siku ile sikuiona. Nilikusikia wewe tu."

"Nitanyamaza basi. Sitasema neno."

"Hapana, mwalimu. Sema. Na umpe jina yake."

Nilimtazama Gathogo. Alikuwa anapangusa lenzi, akaendelea kuipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Kwa hivyo siku hiyo sikuuliza watu majina. Niliwaambia: huyu ni Macharia, anafua kengele, na huyu ni Nyambura, bibi yake. Nilisema mdomo wa mtu ukiwa umefungwa. Sikusema kitu kabla hakijatokea. Kopo la tatu lilipofika kwenye mishumaa, wanawake wa kule wakaja na kitambaa, na mimi nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nyambura amekufa," nikasema.

Kutoka benchi la pili, sauti ya Ndegwa ikajibu, kama mtu anayejibu kanisani, "Ndiyo. Amekufa."

Hakuna aliyemgeukia. Kopo la nne likaja na nguo zake uani. Nikasema, "Hapa Macharia anamkumbuka." Nilimsikia Ndegwa akivuta kamasi. Kisha mlima ukatokea, na mtu yule na ndevu zake nyeupe, mdogo kama mchwa kwenye theluji, akianza tena.

"Anaenda wapi sasa?" Ndegwa akauliza.

"Anapanda. Bado anatafuta maji."

Projekta ilikuwa inatetemeka. Halafu akasema, polepole, "Mwambie ashuke."

Hakuna msemaji anayezungumza na picha. Tunazungumza na watu kuhusu picha, basi. Nilikigeukia kile kitambaa.

"Macharia," nikasema kwenye kipaza sauti, "shuka. Shuka, urudi nyumbani."

Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama yule mzee wa kwenye kitambaa. Aliweka mguu juu ya jiwe, akavuta pumzi, akapanda.